Msitu wa asili haurudi kwa kupanda miti tu: dhana nne potofu

"Kujitolea msituni ni kupanda miche."
Kupanda ndiko kunakopigwa picha. Kazi yenyewe, kwa mfano katika Msitu wa Karura jijini Nairobi, ni kung'oa. Lantana, kichaka kilicholetwa kutoka nchi za joto za Amerika, husongamana hadi mche wa asili ukakosa jua. Ukikifyeka kwa panga tu, kisiki kinachipua. Lazima kitoke na mizizi. Ndege nao hula matunda yake na kumwaga mbegu kila wanapotua, kwa hiyo palipong'olewa mwaka huu hapana budi kurudiwa mwakani. Hata miche iliyopandwa kwa shangwe hufa ikisongwa na magugu. (Siku ya kupalilia huwa hakuna fulana za bure.)

"Mti ni mti."
Mikaratusi ilitoka Australia, ikaletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili reli ipate kuni. Inakua upesi na kunywa maji mengi. Ikikatwa, wapita njia hulalamika kwamba msitu unaharibiwa, kumbe inapisha miti ya asili kama mihugu na mikinduri. Muhugu ndio mti wa wachonga vinyago, na hauna haraka: anayeupanda leo huenda asiuone ukikomaa.

"Msitu ni wa serikali, raia hana lake."
Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa Karura walipokwenda kupanda mti kupinga ardhi ya msitu kugawiwa watu binafsi. Sheria ya Misitu ya 2005 ikawapa wananchi njia ya kuunda vyama vya misitu vya jamii na kushiriki usimamizi.

"Pasipopandwa hapaoti kitu."
Hii ndiyo dhana inayoniudhi zaidi, maana Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, wameshaijibu. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua, yakafunguliwa kiangazi nyasi zinapoadimika kwingine. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 uliufufua utaratibu huo, na miti mingi ikarudi yenyewe, kutoka kwenye visiki hai na mbegu zilizolala udongoni. Kilichotakiwa ni watu kukubaliana mipaka na kuilinda. Ulinzi huo uliangukia sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, na mwenye ng'ombe aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alilipa faini.