Tairi gumu kama jiwe halikimbii kwenye njia ya kokoto

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye makundi ya waendesha baiskeli: ukiingia njia ya vumbi, jaza upepo mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, ndipo utakwenda bila kuchoka. Si kweli.

Kwenye lami laini, tairi gumu husaidia. Kwenye kokoto na mizizi hurushwa na kila kinundu, na nguvu ya miguu yako inapotea kukurusha juu badala ya kukupeleka mbele. Tairi lenye upepo mdogo kiasi hubonyea, hulimeza kokoto na kushika ardhi kwenye kona. Kwa baiskeli ya kulala, ile unayoegemea kiti huku miguu iko mbele, jambo hili ni zito zaidi: huwezi kuinuka magoti yakapokea mtikisiko, hivyo unakuishia mgongoni.

Jipime mwenyewe. Teremka kilima kifupi cha kokoto bila kupiga pedeli, kwanza tairi likiwa gumu, kisha limepunguzwa, ukiweka alama unapokomea. Rudia mara kadhaa.

Wengi huchanganywa na mtetemo mikononi, wakauhisi kuwa ni kasi. Tena ile namba kubwa ya PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) ubavuni mwa tairi huidhani ni agizo, kumbe ni ukomo. Ila usipunguze kupita kiasi: rimu ikibana tyubu kwenye jiwe, huacha matundu mawili sambamba.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.