Je, wajua kwa nini midoli ya wahusika wa filamu hunata mkononi?

Kila aliyesoma shule anaijua hali hii: kifutio kikisahauliwa likizo nzima juu ya rula ya plastiki ndani ya mkebe wa hisabati, siku ya kufungua unakuta vimegandana. Ukivibandua, rula imebaki na alama laini iliyozama, yenye umbo la kifutio. Hapakuwa na moto humo wala gundi. Jambo hilohilo ndilo linalofanya mdoli wa mchawi au mpiga upanga wa filamu za njozi unate vidoleni kana kwamba umepakwa asali, na ndilo linalomfanya muuzaji asiyeelewa aushushe bei.

Kinachonata si uchafu. Ni kilainishi kinachotoka ndani ya plastiki yenyewe.

Mdoli wa sentimita 15 hautengenezwi kwa plastiki ya aina moja. Kiwiliwili kwa kawaida ni ABS, plastiki ngumu ileile ya matofali ya LEGO. Nywele, ndevu, joho, mkanda na mara nyingi upanga ni PVC. PVC ikiwa peke yake ni ngumu. Ndiyo ya mabomba ya maji taka. Ili ipindike kama joho, kiwandani huchanganywa na kilainishi, kimiminika chenye asili ya mafuta, ambacho kwenye sehemu laini sana kinaweza kufika theluthi ya uzito wote. Ulaini huo una kazi mbili: upanga mwembamba haukatiki wala haumchomi mtoto jicho, na joho lenye mikunjo mingi linachomoka kwenye kalibu ya chuma bila kuchanika.

Sasa, kilainishi hakijafungamana na plastiki. Kimejipenyeza tu katikati ya nyuzi zake, kama mafuta yalivyokaa ndani ya andazi. Weka andazi juu ya gazeti, rudi baada ya saa moja, utaona duara la mafuta kwenye karatasi. Mdoli nao hutoa mafuta yake hivyohivyo, ila unachukua miaka. Joto huharakisha, ndiyo maana mdoli uliokaa darini chini ya bati, au Dar es Salaam na Mombasa bila feni, huanza kunata mapema kuliko uliokaa kwenye ubaridi.

Wengi hushangazwa na hili: mdoli ambao haujawahi kutolewa kwenye boksi unaweza kunata kuliko uliochezewa. Kwenye boksi lililofungwa, kilainishi kinachotoka hakina pa kwenda. Kinatanda juu ya mdoli na kubaki hapohapo. Uliochezewa umepigwa na hewa, umeshikwashikwa, umeoshwa mara mbili tatu. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo asiumie roho kununua usio na boksi. Ni wa bei nafuu, na plastiki yake mara nyingi ina hali nzuri zaidi.

Umri nao una neno lake. Midoli ya Star Wars ya kampuni ya Kenner, yenye urefu wa inchi 3¾, ilianza kuwafikia wateja Marekani mwaka 1978. Ile ya The Lord of the Rings iliyotengenezwa na Toy Biz ilianza mwaka 2001, na sasa imepita miaka 20, umri ambao sehemu laini huanza kutoa jasho. Ukiugeuza mdoli utaona mwaka umechapwa mguuni au mgongoni. Huo ni mwaka wa hakimiliki, si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa. Kalibu moja hutumika miaka mingi.

Kwa kuwa tumetaja majoho: mdoli mdogo wa Jawa, kiumbe wa Star Wars, wa mwaka 1978 ulitoka kwanza na joho la plastiki, kisha Kenner wakalibadilisha kuwa la kitambaa. Wa plastiki ni adimu na ghali mno, na matapeli huughushi kwa kukata joho la mdoli wa Obi-Wan, mhusika mwingine wa filamu hizo. Mnunuzi wa bei nafuu achukue wa kitambaa na alale usingizi wake.

Unapokagua mdoli wa mitumba, kwanza bonyeza joho au nywele kwa kidole gumba, uhesabu hadi tano, halafu uachie. Ikiwa kidole kinang'ang'ania lakini alama haibaki, mdoli unaokoleka. Ikiwa plastiki imebonyea na alama ya kidole imebaki, au rangi imehamia kidoleni, uache. Pili, angalia sehemu iliyogusana na mdoli mwingine: kama ABS ya kifua imelika na kuacha shimo linalong'aa, hakuna sabuni itakayolirudisha.

Kuosha ni kazi ya jioni moja. Vua nguo za kitambaa, toa betri kama zipo. Mdoli wenye taa au sauti usizamishwe kabisa, upanguswe tu. Chukua lita moja ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Loweka dakika 10 hadi 15. Sugua taratibu kwa mswaki laini, ukipita kwenye mikunjo ya joho na nyuma ya masikio, kwa kuwa huko ndiko utando hujificha. Suuza mpaka maji yasiteleze tena, kung'uta, kisha uuache kivulini kwa saa 24 ili viungo vikauke ndani. Ukiwa bado unanata, rudia mara moja, halafu uache mahali penye hewa wiki nzima kabla ya kuamua lolote.

Usioshe kila wiki kwa uchu wa usafi. Sabuni inaondoa kilichokwisha kutoka, nacho harudishiwi mtu: PVC iliyopoteza kilainishi kingi hukakamaa, hunywea na kupasuka. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Poda huondoa mnato kwa siku chache tu, kisha inageuka kuwa utando wa kijivu. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni huyeyusha ABS palepale, na tina haina huruma zaidi. Spiriti husafisha vizuri, lakini huondoka na nyusi na macho yaliyopakwa rangi.

Upanga uliopinda au mguu unaoufanya mdoli uanguke kila ukiusimamisha hutibiwa kwa joto. Chemsha maji, epua, subiri dakika tatu hadi tano. Zamisha sehemu iliyopinda tu kwa sekunde 30 hadi 60, inyooshe kwa vidole, kisha itie kwenye maji yenye barafu dakika nzima huku bado umeishika. Wengi hukosea hapo mwisho. Wanaachia mapema, plastiki ingali na joto, nayo inarudi ilikokuwa imepinda. Kiungo kilichoganda kinatibiwa vivyo hivyo: kipashe joto kwanza, kisha kichezeshe mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukikizungusha kikiwa baridi, pini hukatikia ndani, na mkono wa mchawi unabaki umeushika mkononi mwako.

Wenye watoto wadogo wazingatie jambo moja. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa vilainishi vitatu vya kundi la thaleti katika midoli ya watoto, na Marekani ikafuata kwa sheria ya mwaka 2008. Mdoli wa zamani zaidi ya hapo, au wa bandia usiojulikana ulikotoka, uwe wa rafuni, usiwe wa kutafunwa. Ukiushika ukinata, nawa mikono.

Kwenye kuhifadhi, usiufunge kwenye mfuko wa plastiki wala ndoo yenye mfuniko unaobana. Rafu iliyo mbali na dirisha, yenye hewa, inafaa kuliko boksi la thamani. Usitumie gazeti kuufunga, wino wake hunyonywa na PVC. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya mdoli na mdoli, joho laini la mmoja lisiguse kifua kigumu cha jirani, maana hapo ndipo ya rula na kifutio yanapoanza. Rafu iliyopakwa rangi ya mafuta nayo hushikana na nyayo laini hivyohivyo; kipande cha kioo chini ya miguu kinatosha.