Je, wajua kwa nini wazee huanguka chooni hata kukiwa kukavu?

Mtu mzima akianguka chooni, jibu huwa tayari kabla hajanyanyuliwa: kateleza. Sakafu inasuguliwa, sabuni inafichwa, champali mpya zinanunuliwa. Nasi jibu letu lilikuwa hilohilo, na si la uongo, maana marumaru yenye maji ya sabuni humwangusha hata kijana. Lakini mtu huteleza akipiga hatua. Wapo walioanguka bila kupiga hata moja, sakafu kavu, champali bado miguuni, na wanachokumbuka ni kwamba walikuwa wanainuka. Mitalawanda ya zamani, vile viatu vya mbao, ilimwinua mtu juu ya majimaji, kisunzi haikukizuia.

Ni wangapi huteleza na wangapi hupatwa na kisunzi? Hesabu zake ni za kutiliwa shaka, kwa sababu aliyezimia kwa sekunde chache mara nyingi hakumbuki kuwa alizimia. Naye pia atakwambia kateleza.

Chukua nyumba ya ghorofa tatu Mji Mkongwe yenye pampu moja ya maji. Wa juu anaoga. Wa chini anafungua mfereji, na maji ya juu yanakuwa uzi. Pampu haijaharibika, ila maji yamepata njia nyepesi ya kushukia. Ubongo ndio mpangaji wa juu, moyo ndio pampu, miguu ndiyo ghorofa ya chini. Mtu akichutama, mapaja na vigimbi hukunjana na kuibana mishipa: mifereji ya chini imefungwa, presha ya ghorofa ya juu iko vizuri. Akiinuka ghafla, yote hufunguka kwa pamoja, na nusu lita ya damu au zaidi hushukia miguuni na tumboni. Mwili una fundi wake, yaani mishipa ya fahamu ya shingoni na kifuani inayopima presha na kuuamuru moyo uongeze kasi. Kwa kijana fundi huyu huitika papo hapo. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, anayemeza dawa za presha au za tezi dume, au aliyeshinda na saumu siku ya joto, huchelewa. Sekunde 10 zinatosha kumlaza mtu chini.

Kwa hiyo kabla ya mkeka wa mpira, shughulikia kimo cha kukalia. Kiti cha mabomba ya chuma chenye tundu huwekwa juu ya choo cha kuchutama. Mzee akiwa amekaa na nyayo zimetua, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kiti kiwe kimo hicho au kizidi kwa sentimita 2 hadi 5. Kikizidi sana miguu huning'inia, na hapo umemtengenezea anguko jingine. Sakafu ya choo huinamia tundu, basi chagua chenye miguu ya kurefushwa mmoja mmoja. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu kwa msumeno ni mtego: hupasuka kuanzia kwenye mkato, na miguu yake hutanuka juu ya maji. Cha chuma cha kawaida, kwa hewa yetu ya chumvi, huoza kuanzia ndani ya bomba huku rangi ya nje ikimeremeta. Kigeuze kila mwezi, ukague na vile viatu vya mpira vya miguu ya kiti. Vikitoboka, bomba huteleza kama barafu.

Chuma cha kushikia kinasifiwa kuliko kinavyostahili. Wakati wa kutawaza, mkono wa kulia umeshika kopo, wa kushoto uko kazini. Wa tatu hatuna! Chuma ni cha kuinukia tu: kisimame wima upande wa mbele, kianze kiasi cha sentimita 50 kutoka sakafuni ili mkono upande nacho, kiwe na unene wa sentimita 3 hadi 4. Kwenye kuta za mawe na chokaa, vile vijiplastiki vya kushikia skurubu hung'oka na unga wake. Heri bomba lililozamishwa katika zege ya sakafu. Kabla ya mzee kukitumia, mtu mzito kuliko wote nyumbani akivute kwa uzito wake wote.

Kimo hupunguza kisunzi, hakikimalizi. Akiwa bado amekaa, apandishe na kushusha visigino mara 10 hadi 15, asimame ameshika chuma, ahesabu hadi 30, ndipo apige hatua. Apimwe presha akiwa amelala, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe. Dawa zisiachwe kiholela.

Na mlango ufunguke kwa nje. Vyoo vyetu ni vyembamba, na aliyeanguka ndani huuziba mlango kwa mwili wake mwenyewe.