Majina ya watoto: tunavyodanganyana na ukweli wenyewe

Mimba ikifika miezi saba tu watu washaanza kugugo majina mazuri na maana zake, na hapo ndo uongo unapoanzia, maana hizo listi za mtandaoni zimenakiliwa kutoka listi nyingine ambazo nazo zilinakiliwa, mwisho wa siku kila jina linamaanisha "zawadi" au "binti wa mfalme". Chukua Nala, yule simba jike wa katuni. Intaneti imejaa kwamba ni Kiswahili na maana yake ni zawadi. Jamani, zawadi sisi tunaiita zawadi, na akina Zawadi tunao kibao mtaani. Sio kwamba ng'ambo wanakosea kila kitu lakini, Imani na Nia wanayoitwa mabinti wa Marekani ni Kiswahili halisi kabisa, yamo kwenye ile misingi saba ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi aliyoianzisha Maulana Karenga mwaka 1966.

Sasa tuje kwenye ile inayogombanisha familia: kwamba jina lenye maana mbaya linaharibu maisha ya mtoto. Usimwite Shida, atapata shida. Usimwite Tabu, usimwite Mashaka. Sawa, basi tuanze na majina tunayoyapenda. Khadija kwa Kiarabu asili yake ni mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, yaani njiti, na bibi Khadija mke wa Mtume alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Makka. Fatuma, au Fatma, linatokana na kuachishwa ziwa. Paulo ni Kilatini, mdogo. Sesilia linahusishwa na upofu, Claudia na mtu anayechechemea, na Yakobo kwenye Mwanzo 25 kapewa jina kwa sababu alitoka tumboni kashika kisigino cha pacha wake. Hakuna anayemkataza mtu kumwita mwanawe Claudia. Mashaka ndo anaonewa kwa sababu tunaelewa lugha, basi!

Na hao akina Shida na Sikujua na Sikudhani hawakupewa majina kwa laana. Jina lilikuwa ni kumbukumbu: mwaka wa njaa, mama kaachwa na mimba, ugomvi na mawifi, mtoto kaja wakati hakuna aliyetegemea. Wengine walipewa jina baya makusudi kabisa ili kumlinda. Kwa Waluhya kuna Makokha, jina linalohusu jalala, alikuwa anapewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki, ili kifo kimwone hana thamani kimpite. Wakikuyu kwenye hali kama hiyo wana Kariuki, aliyefufuka, na Njoki, aliyerudi. Ukiniuliza mimi, hakuna jina lenye upendo kuliko Makokha.

Ila tusiende mbali tukasema maana haina kazi. Raheli alipokuwa anakufa kwa uchungu wa uzazi alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu, baba akambadilisha akawa Benyamini. Na Mtume alimbadilisha mwanamke aliyeitwa Asiya akamwita Jamila, hadithi hiyo ni sahihi, na hapa ndo kuna kosa lingine tamu, kwa sababu kuna watu wanawaambia akina Asia wabadilishe majina kwamba maana yake ni muasi. Hapana. Kwa Kiarabu ni majina mawili, yanaanza na herufi tofauti kabisa, hilo la muasi linaanza na ayn, na la mke wa Firauni, mwanamke anayeheshimiwa sana kwenye Uislamu, linaanza na alifu. Sisi kwa herufi zetu tunayaandika sawa, ndo balaa linapoanzia. Asia wako mwache na jina lake.

Halafu hii ya dini. Eti jina la Kiarabu ni la Kiislamu na la Kizungu ni la Kikristo. Baba yake Mtume aliitwa Abdallah na alifariki kabla Mtume hajazaliwa, kwahiyo jina lilikuwepo kabla ya Uislamu, na Omar na Ali waliposilimu waliendelea na majina yaleyale. Khalil Gibran mshairi wa Lebanon alikuwa Mkristo. Na kwetu hapa, hao akina Neema, Baraka, Faraja na Amani waliojaa kwaya za makanisani, majina yao yote mizizi yake ni Kiarabu. Upande wa pili, Yohana na Maria sio ya Kizungu, ni ya Kiebrania yaliyopitia Ulaya, ndo haohao Yahya na Mariamu. Wala Kanisa Katoliki halidai jina la Kizungu, kanuni ya 855 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema tu lisiwe jina geni kwa hisia za Kikristo. Kizito ni jina la Kiganda, na mwenyewe alitangazwa mtakatifu mwaka 1964 pamoja na mashahidi wenzake wa Uganda.

Za harakaharaka: Kulwa sio lazima awe wa kiume wala Doto wa kike, Kulwa ni pacha aliyetangulia kutoka na Doto ni aliyefuata, bila kujali jinsia. Okello kwa Wajaluo sio pacha, ni aliyewafuata mapacha. Na Juma wa leo huenda kazaliwa Jumanne, karithi tu jina la babu. Kwa Wakikuyu urithi ndo utaratibu wenyewe, wa kwanza wa kiume anaitwa babu mzaa baba, kwahiyo kumuuliza Kamau maana ya jina lake ni kama unamuuliza babu yake.

Ya mwisho ni kwamba jina la mwisho ni la ukoo. Burundi na Rwanda, kwa desturi, kila mtoto anapewa jina lake, mmoja Hakizimana mwingine Nshimirimana na wote tumbo moja baba mmoja. Tanzania wengi wanatumia jina lake, la baba, la babu, kwahiyo Asha Juma Salum baba yake ni Juma Salum Bakari, na ofisa wa Ulaya akiangalia pasi zao anaona watu wawili wasiohusiana. Ukisafiri na mtoto beba cheti chake cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na kama ni cha Kiswahili tafuta tafsiri yake mapema.