Je, wajua? Simu iliyo mfukoni yaweza kudhuru mbegu za kiume?

Ukikaa na vijana maskani ya Majengo, Mombasa, au ukisubiri feri Likoni, hutakosa kulisikia onyo hili: usitie simu mfuko wa mbele wa suruali, itakumaliza kizazi. Wengine huiongeza na maikrowevu ya jikoni. Hofu yenyewe haikutoka hewani, maana watafiti wameichunguza kwa miaka mingi.

Simu, Wi-Fi na maikrowevu zote hutumia mawimbi ya jamii moja. Maikrowevu na Wi-Fi nyingi hufanya kazi karibu na gigahezi 2.4, simu kwenye masafa kama megahezi 900 na 1800. Zinapoachana ni kwenye nguvu. Maikrowevu hutoa wati 700 hadi 1000 ndani ya sanduku la chuma, na ukifungua mlango hujizima. Simu kwa wastani haifiki hata wati moja. Tena mawimbi haya si kama eksirei: hayana nguvu ya kuikata DNA, yaani chembe za urithi, moja kwa moja. Yakiwa makali hupasha moto, na korodani haziutaki moto. Zimening'inia nje ya mwili kwa sababu mbegu hutengenezwa vyema kwenye joto lililo chini ya lile la mwili, nyuzi 37, kwa nyuzi 2 hadi 4.

Joto lisipokuwepo je? Hapo ndipo utafiti ulipochimba zaidi. Utando wa mbegu ya kiume umejaa DHA, mafuta yaleyale tunayoyapata kwa jodari na vibua. Mvuvi yeyote anajua mafuta ya samaki huvunda upesi kuliko ya nazi, kwa kuwa oksijeni huyashambulia kwa urahisi. Ndani ya mwili shambulio hilo hufanywa na radikali huru, molekuli zenye oksijeni zinazopokonya wenzake elektroni. Nyingi hutoka kwenye mitokondria, mitambo ya nishati iliyo sehemu ya kati ya mbegu. Seli nyingine zina akiba ya vimeng'enya vya kujikinga, lakini mbegu imepunguza mzigo ili iogelee, na kwa hiyo hutegemea sana majimaji ya manii yenye vitamini C, vitamini E na zinki. Hizo ndizo antioksidanti, kinga dhidi ya radikali huru.

Mwaka 2009 watafiti wa Australia waliziweka mbegu za binadamu kwenye mawimbi ya gigahezi 1.8. Radikali huru ziliongezeka, mwendo ukapungua na DNA ikaharibika. Ila baadhi ya vipimo walivyotumia vilizidi kwa zaidi ya mara kumi kikomo cha wati 2 kwa kila kilo ya mwili kinachowekewa simu barani Ulaya. Mwaka huohuo, Cleveland nchini Marekani, sampuli za wanaume 32 ziliwekwa karibu na simu iliyo hewani kwa saa moja: radikali huru zilipanda, mwendo ukashuka, lakini DNA haikudhurika. Na mbegu iliyo maabara haina ngozi wala damu ya kuipoza. Hilo wanaosambaza onyo mitandaoni hawalisemi.

Utafiti ninaouamini zaidi ni wa Uswisi, uliotolewa 2023, kwa vijana 2,886 wa miaka 18 hadi 22. Waliotumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu milioni 44.5 kwa mililita, dhidi ya milioni 56.5 kwa walioigusa mara moja kwa wiki au chini ya hapo. Tofauti ipo, lakini mwendo na umbo la mbegu havikubadilika, na kuiweka simu mfukoni hakukuonyesha madhara yoyote. Uhusiano huo ulififia pia kadiri miaka ilivyosonga na mitandao mipya kuingia.

Na vidonge vya antioksidanti? Kwa panya waliowekwa kwenye mawimbi, vitamini E na melatonini, homoni ya usingizi, zimesaidia. Kwa wanaume habari ni nyingine. Jaribio la Marekani la mwaka 2020, lenye wenza 2,370, liliwapa waume zinki na asidi ya foliki, aina ya vitamini B, na watoto waliozaliwa hawakuongezeka. Isitoshe, mbegu yenyewe huhitaji radikali huru chache ili ikomae kabla ya kulipenya yai. Mabuyu, mapera na mchicha wa soko la Kongowea vyatosha. Pesa za chupa zinazouzwa kwa ahadi kubwa zibaki mfukoni pamoja na simu.

Linaloniuma ni kwamba tunapogombana na simu, mke ndiye anayezungushwa hospitali peke yake, ilhali upande wa mume huchangia takriban nusu ya visa vya ugumba. Mwanamume mwenye nguvu kitandani aweza kuwa na mbegu chache. Hayo ni mambo mawili. Sigara, mishipa iliyovimba korodanini, kompyuta mapajani na kazi ya mbele ya tanuri vina ushahidi mzito kuliko simu. Nyumbani, kikoi ni vazi bora kuliko suruali ya kubana.

Nendeni wote wawili. Kabla ya kipimo cha manii, mume hujizuia siku 2 hadi 7. Akiacha sigara leo, asirudi maabara wiki ijayo: mbegu huchukua karibu miezi mitatu tangu kuanza kutengenezwa hadi kutoka, kwa hiyo kipimo cha mapema kitaonyesha bado zile za wakati alipokuwa akivuta.