Kontena na kodeki: kwa nini TV hukataa faili la MP4

Herufi za mwisho kwenye jina la faili, .mp4 au .mkv, hutaja kontena tu. Ni neno lile lile la bandarini: sanduku lenye picha, sauti na pengine manukuu, pamoja na orodha ya kipi kimekaa wapi. Namna picha na sauti zilivyobanwa humo ndani ndiyo kodeki, na hiyo haiandikwi ubavuni mwa sanduku. Kwa hiyo flashi moja inaweza kuwa na MP4 mbili, moja ikacheza na ya pili ikagoma. Kubadili jina kutoka .mkv kuwa .mp4 ni kulipaka sanduku rangi.

“Mbona kwenye laptopu inacheza?” Kwa sababu VLC, programu ya kucheza video, inaweza kufungua kodeki nyingi kwa programu tu, ikitumia nguvu ya prosesa ya kompyuta. Prosesa ya TV ni dhaifu, hivyo kazi hiyo huachiwa chipu iliyoundwa kufungua kodeki chache tu, tena kwa viwango maalumu. Kodeki ya picha isiyomo kwenye chipu, kusasisha programu ya TV kwa kawaida hakuileti.

Kodeki ya picha iliyo salama kuliko zote ni H.264, ya mwaka 2003, ambayo pia huitwa AVC. H.265, yaani HEVC, ilitoka 2013. Hupunguza faili hadi karibu nusu kwa ubora ule ule. TV za 4K kwa kawaida huifungua, ila nyingi za zamani za Full HD haziiwezi. Ndiyo maana video ya harusi iliyorekodiwa kwa iPhone, ambayo hutumia HEVC usipobadili mpangilio wa kamera, inaweza kugoma kwenye TV ya sebuleni.

H.264 nayo ina mtego wake. Chipu za TV huifungua ikiwa ya biti 8 (idadi ya biti ndiyo huamua ngazi za rangi), na rangi zikiwa za mfumo wa 4:2:0, unaohifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga. Ikiwa ya biti 10, au ikitoka kwenye programu ya kuhariri ikiwa 4:2:2 au 4:4:4, mara nyingi utasikia sauti huku skrini ni nyeusi, au picha itajaa vipande vipande. Jina la kodeki ni lile lile, na hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima.

Picha ikiwa safi lakini kimya, tazama sauti. Mshukiwa wa kwanza ni DTS, kodeki ya sauti: Samsung waliiondoa kwenye TV zao kuanzia toleo la 2018, LG nao kwenye toleo la 2020. AAC na AC3 ndizo za kutegemea.

Kabla ya kubadili chochote, fungua faili kwa MediaInfo, programu ya bure inayoonyesha kodeki zilizomo. Ukiona picha ni AVC, High@L4.1 (yaani profaili High, kiwango cha 4.1), biti 8, 4:2:0, usiiguse. Kama kasoro ni DTS peke yake, badili sauti tu kwa FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a ac3 -b:a 448k filamu.mp4

Neno “copy” huhamisha picha kama ilivyo. Kazi huisha haraka na ubora wa picha haupungui hata chembe. Kubana picha upya bila sababu ni hasara tupu: kompyuta inachemka, na picha inapoteza kitu kila mara.

Picha yenyewe ikiwa ndiyo tatizo, hakuna njia ya mkato:

ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -profile:v high -level 4.1 -c:a aac -b:a 192k -ac 2 harusi.mp4

Amri hii ni ya video ya 1080p yenye fremu 30 kwa sekunde. Ikiwa na fremu 60, andika 4.2 badala ya 4.1. Sehemu ya yuv420p ndiyo inayorudisha biti 8 na 4:2:0, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Asiyependa kuandika amri atumie HandBrake, programu ya kubofya, achague “Fast 1080p30”. Akumbuke tu kwamba HandBrake hubana picha upya kila mara.

Kuna kosa jingine lisilohusu kodeki kabisa. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili linalofika GB 4, hata kama ina nafasi ya GB 60. Ifomati kwa exFAT, ukishahakikisha kwenye kitabu cha TV kwamba inaisoma, na uhamishe vilivyomo kwanza kwa sababu vyote vitafutika.

Manukuu yaweke kwenye faili la pembeni lenye jina lile lile, harusi.srt kando ya harusi.mp4, likiwa limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote. Likihifadhiwa vingine, herufi kama é na ñ hugeuka alama za ajabu.