Kwa Nini Mbwa Hukimbiza Bodaboda, na Unamwachishaje?

Saa kumi na mbili jioni, kwenye barabara ya vumbi huko Kiamunyi, nje kidogo ya Nakuru, mbwa amelala mbele ya geti kana kwamba hana habari na dunia. Pikipiki inasikika ikipanda. Sikio moja linasimama. Ikifika usawa wa geti, mbwa ameshafyatuka. Anabweka huku akilenga gurudumu la nyuma na mguu wa dereva, anaifuata hatua thelathini hivi, halafu anarudi polepole, mkia juu. Mwenyewe anatoka na kumfokea. Kesho jioni, yale yale.

Wengi husema huo ni ukaidi, au kwamba mbwa ana chuki na pikipiki. Hebu litazame jambo hili kwa macho ya mbwa. Kitu kikubwa chenye kelele kimefika mpakani mwake. Amekibwekea na kukikimbiza, nacho kimeondoka. Bodaboda ingeondoka hata kama mbwa angebaki amelala, maana abiria anapelekwa kwake, lakini mbwa atalijuaje hilo? Kwake yeye kazi imefanikiwa, tena imefanikiwa kila siku bila kukosa.

Juu ya hayo kuna silika ya uwindaji. Kinachokwenda kasi kikimpa mgongo humwamsha mbwa miguu kabla hajafikiri. Ndiyo maana ng'ombe anayejikokota kwenda mtoni hupita salama, na mtoto anayekimbia dukani hufuatwa. Mtoto afundishwe mapema: mbwa akikujia, simama wima kama mti, mikono ubavuni, usimkazie macho, usipige mayowe. Mbwa asiyepata cha kukimbiza huchoka upesi.

Kanuni inayofanya kazi hapa ni ya zamani. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio ya paka aliowafungia ndani ya masanduku, chakula kikiwa nje. Paka alihangaika mpaka akagusa kwa bahati kile kilichofungua mlango. Kila aliporudishwa ndani, alichukua muda mfupi zaidi kutoka. Kitendo kilichofuatwa na jambo jema hurudiwa. Ukitaka kujua kwa nini mbwa wako ana tabia fulani, tafuta kwanza kinachomlipa.

Hapo ndipo fimbo inapofeli. Mfikirie yule mbwa anayerudi getini. Ukimchapa wakati huo, jambo la mwisho alilofanya ni lipi? Ni kurudi kwako. Mbwa huunganisha kitendo na matokeo yake yakija ndani ya sekunde 1 au 2, kwa hiyo alichojifunza ni kwamba kukukaribia kunauma. Wiki ijayo ukimwita haji, nawe unasema ameharibika kabisa. Teke la dereva ni baya zaidi. Sasa mbwa ana sababu halisi ya kuiogopa pikipiki, na mbwa mwenye hofu anaweza kuacha kubweka akaanza kuuma.

Kumwachisha huanza kwa kuyakata malipo. Kwa wiki 2 au 3 asipate nafasi hata moja ya kukimbiza: geti lifungwe, tundu la ua lizibwe, na akitoka awe kwenye kamba imara ya mita 2 iliyofungwa kwenye mkanda wa shingo. Mkanda uache nafasi ya kupitisha vidole viwili tu, maana uliolegea zaidi huvuka kichwa siku ya kwanza.

Kisha andaa malipo mapya. Kanda ya Ziwa tumejaliwa omena, wale dagaa wa ziwani, na sioni kitu kinachoishinda kwa kazi hii. Nunua kiasi kidogo sokoni, iwe Kibuye mjini Kisumu au kwa mama wa jirani, uioshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, halafu uikaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo, bila mafuta, chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa. Ikianza kukatika kwa mlio mkavu kati ya vidole, iko tayari. Samaki mmoja ni malipo ya mara moja: mdogo wa kumezwa mara moja bila kutafunatafuna, na harufu yake humfikia mbwa hata ikiwa mfukoni. Kwa zoezi moja chukua 15 hivi, upunguze kidogo ugali wake wa jioni.

Simama na mbwa mbali na barabara, mita 30 au zaidi, mahali anapoiona pikipiki bila kuchachamaa. Utaratibu ni huu, na haubadiliki: pikipiki ionekane kwanza, omena ifuate mara moja. Pikipiki ikipotea, omena nayo iishe. Ukitoa omena kabla, mbwa atajifunza kwamba mkono wako ukienda mfukoni kuna pikipiki inakuja, na hilo litamtia wasiwasi zaidi. Akikataa kula, au akila huku akiwa amekaza mwili na macho hayabanduki barabarani, uko karibu mno. Rudi nyuma hatua kumi.

Dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni zinatosha. Baada ya siku kadhaa utaona jambo dogo la kufurahisha: pikipiki inasikika, sikio linasimama kama zamani, lakini shingo inageuka na macho yanakuja kwako. Mlipe hapo hapo. Huo ndio wakati wa kusogea mita 2 au 3, si kabla. Ukifika karibu na barabara, zungumza na dereva wa stejini unayemjua, umlipe nauli kama abiria yeyote, naye apite mara kadhaa: kwanza pikipiki imesimama ikinguruma, kisha mwendo wa polepole, mwisho mwendo wa kawaida. Hata mbwa akishazoea, aendelee kuvuta kamba ndefu ya mita 5 kwa wiki nyingine 2, ili uweze kuikanyaga akisahau.

Wengi hukwama kwenye jambo moja. Mbwa anafungiwa siku 6, ya 7 kijana anaacha geti wazi na pikipiki moja inakimbizwa. Watu huliona dogo, kumbe malipo yanayokuja mara moja moja ndiyo yanayoishikiza tabia kuliko yote, kama yanavyomshikilia mchezaji kamari kwenye mashine yake. Afadhali kufuli la shilingi mia chache kuliko kurudia mwezi mzima.

Kurukia wageni kunatibiwa kwa hesabu ile ile. Mtoto wa mbwa huanza kwa kulamba mdomo wa mama yake akiomba chakula, na akija kwa binadamu, mdomo uko juu, basi anaruka. Mgeni anamsukuma kwa mikono na kupiga kelele; kwa mbwa huo ni mchezo. Mpe mgongo, kunja mikono, usimtazame, usiseme neno. Miguu yote minne ikigusa chini, inama umpapase. Siku za kwanza ataruka kwa nguvu kuliko zamani, kama mtu anayebonyeza kengele zaidi na zaidi akiona mlango haufunguliwi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na kwa bahati mbaya humlipa mbwa wakati amefika kileleni. Nyumba nzima ikubaliane, pamoja na shangazi aliyekuja Kakamega kusalimia, la sivyo usianze.

Kutafuna viatu kuna umri wake. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Kuanzia miezi 4 hivi hung'oka kuyapisha 42 ya ukubwani, na kufikia miezi 7 kwa kawaida yameshatoka. Ufizi unawasha. Viatu viwekwe juu, naye apewe karoti nzima iliyopoa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwani hupasuka kama vibanzi na kumchoma tumbo.

Kubweka usiku kucha, kero inayowagombanisha majirani wa Kisumu kuanzia mtaa wa Nyalenda hadi Milimani, mara nyingi huzaliwa mchana. Mbwa aliyefungwa mnyororo wa mita moja tangu alfajiri analimbikiza nguvu, na kwa kuwa hawezi kukimbia hatari, kila kivuli anakijibu kwa ukali. Mtembeze nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, aachwe anuse anavyotaka, kwani kunusa humchosha akili kuliko mbio. Asipoweza kufunguliwa mchana, tandika waya imara kati ya nguzo mbili, pete ya mnyororo iteleze juu yake, na asifikie ukuta anaoweza kuuruka akajinyonga.

Watu husema samaki mkunje angali mbichi, na kwa mbwa kuna ukweli: wiki ya 3 hadi ya 14 ndizo anazokubali watu, sauti na vitu vipya kwa urahisi zaidi. Aliyezisikia pikipiki akiwa mikononi mwako katika umri huo hana haja ya omena nyingi baadaye. Lakini mbwa wa miaka 6 naye hufundishika. Mwongezee muda tu.

Yote haya yanahusu tabia iliyojengwa na malipo, ambayo huja kidogo kidogo. Ikibadilika ghafla ni jambo jingine. Mbwa mpole akianza kuuma ovyo, mate yakimtiririka, sauti ikikwaruza, akashindwa kumeza au akayumba, usijaribu kumfundisha wala kumshika. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishaonekana kwa mtu ni nadra mno kupona. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanzishiwe chanjo, hata kama ni mkwaruzo. Mbwa aliyeuma lakini anaonekana mzima asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na daktari wa mifugo amchunguze kwa siku 10. Wako mwenyewe apate chanjo akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi yake itunzwe pamoja na stakabadhi za nyumbani, kwani siku akimng'ata mtu ndiyo ya kwanza kuulizwa.